Maswali ya Wasomaji: Nianze kwa Kunakili Sura ya Nani?

Mwezi huu tumechagua barua nne, zote kutoka mkoani Kigoma, na zote zinahusu kujifunza kuchora sura ya mtu kwa kunakili kazi ya mchoraji wa zamani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo vijana wanaokuja kwangu kujifunza wameniuliza mara nyingi, na nisingependa lijibiwe kwa mistari miwili.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, ninaishi Ujiji. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika mabango ya maduka na kuchora vichwa vya watu kwenye kuta za saluni za kunyolea. Sasa ninataka kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta, na nimesoma kwamba wachoraji wakubwa walijifunza kwa kunakili kazi za waliowatangulia. Nimepakua kwenye simu picha ya yule msichana wa Kiholanzi mwenye hereni ya lulu nikaanza kuinakili, lakini nikitoka hapo na kumchora mama yangu, uso wake unatoka kama umepakwa majivu. Je, njia hii inatufaa sisi, au ninapoteza muda? — *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hongera kwa miaka hiyo mitatu, kwa maana mkono uliozoea kuandika herufi kubwa ukutani bila kutetemeka ni mtaji ambao wanafunzi wengi hawanao.

Hupotezi muda. Peter Paul Rubens alipofika Madrid mwaka 1628 alikuwa na umri wa miaka 51 na jina lake limekwisha kuvuma Ulaya nzima, lakini alikaa katika makao ya mfalme akinakili kazi za Titian moja baada ya nyingine. Vincent van Gogh, alipokuwa akiugua huko Saint-Rémy nchini Ufaransa mwaka 1889 na 1890, alinakili kazi za Millet kutoka kwenye picha zilizochapwa bila rangi, na rangi akazitafuta mwenyewe. Kwa hiyo hata wewe unayenakili kutoka kwenye kioo cha simu, mbali na picha halisi, una wa kukutangulia. Kosa halimo katika njia. Limo katika picha uliyoichagua, na katika kile ulichokuwa ukikitazama wakati ukiinakili.

Utazame tena uso wa msichana yule, aliyechorwa na Johannes Vermeer mnamo mwaka 1665. Mgongo wa pua yake na shavu la upande wa mbali vimeungana bila mstari wowote kati yake, na ngozi yote ya upande wenye nuru imejengwa kwa michanganyiko ambamo nyeupe ni nyingi. Ukikaa na uso huo kwa wiki tatu, mkono wako unazoea kwamba kila panapotakiwa nuru, nyeupe iongezwe. Ukaenda na mazoea hayo kwenye uso wa mama yako. Hudhurungi ikitiwa nyeupe tupu hupoa, joto lake likafifia, ikawa kijivujivu, na hayo ndiyo majivu unayoyaona.

Ushauri wangu ni kwamba umweke msichana huyo kando kwa sasa, uje umrudie mkono ukiwa umekomaa, na badala yake unakili picha ya Juan de Pareja, ambayo Diego Velázquez aliichora mjini Roma mwaka 1650. Pareja alikuwa mzaliwa wa Antequera, kusini mwa Hispania, mtu mwenye asili ya Kiafrika, na wakati huo alikuwa mtumwa wa Velázquez akimsaidia katika karakana yake. Palomino, aliyeandika habari za maisha ya Velázquez mwaka 1724, anasimulia kwamba bwana huyo, akijiandaa kumchora Papa Innocent wa Kumi, alitaka kwanza kuuzoeza mkono wake kwa sura ya mtu aliye hai mbele yake, ndipo akamchora Pareja. Kisha alimtuma Pareja mwenyewe aipeleke picha kwa marafiki, nao wakabaki wakimtazama mtu na kuitazama picha, wasijue ni yupi wa kuzungumza naye. Mwezi Machi mwaka huo picha ilionyeshwa hadharani katika jengo la Pantheon, na mwezi Novemba Velázquez akatia saini hati ya kumwacha huru, ambayo ilikuja kutimia baada ya miaka minne. Pareja aliendelea kuwa mchoraji kwa jina lake. Kazi yake kubwa ya mwaka 1661, inayoonyesha wito wa Mtakatifu Mathayo, iko katika jumba la Prado mjini Madrid, na ndani yake amejichora mwenyewe akiwa amesimama pembeni.

Sisi tuliozaliwa Ujiji, mahali ambapo misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikijikusanya kabla ya kushika njia ya Tabora hadi Bagamoyo, hatuutazami uso huo kama uso wa mgeni. Mtu yule amesimama wima, amekutazama machoni, na hakuna chochote katika mkao wake kinachoomba huruma. Naamini mchoraji anayejifunza anapaswa kukaa muda mrefu na uso ambao una neno kwake, kwa sababu kunakili ni kazi ya saa nyingi, na uso usiokugusa utauacha kabla haujakufundisha.

Picha halisi sasa iko Metropolitan Museum of Art, New York. Kimo chake ni sentimita 81.3 na upana sentimita 69.9. Jumba hilo limeiweka kwenye tovuti yake kwa ukubwa wa kutosha, na unaweza kuipakua bila malipo.

Usiichore yote. Chukua kichwa na ule ukosi mweupe wa lesi tu. Nenda stesheneri wakuchapie sehemu hiyo bila rangi kwenye karatasi ya A4, na simu uiache kwa ajili ya kutazamia rangi peke yake. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, hivyo sehemu zake za nuru hung'aa kuliko rangi yoyote inavyoweza kung'aa juu ya ubao, na mwanafunzi anayeufuata mwanga huo huishia kurundika nyeupe. Piga miraba ya sentimita 2 kwenye karatasi na miraba ya sentimita 3 kwenye ubao, hesabu ikiwa ileile; ubao wa sentimita 32 kwa 45 utatosha. Chora mistari mikuu kwa mkaa, kisha geuza karatasi na ubao, vyote viwili, kichwa chini, urekebishe. Vikigeuzwa hivyo, jicho lako halioni tena pua wala mdomo, linaona umbo la kivuli na umbo la nuru, na makosa ambayo ulikuwa umeyazoea yatajitokeza yenyewe.

Tabaka la kwanza liwe la hudhurungi peke yake, iliyolegezwa kwa tapentaini. Fumba macho nusu hadi vitu vidogo vipotee, kisha gawa uso wote katika viwango vitatu tu: nuru, kati na giza. Macho usiyaguse. Nyusi pia usizihesabu. Ukimaliza tabaka hili na mtu aliyesimama hatua nne mbali akaweza kusema nuru inatoka wapi, umefaulu. Asipoweza, futa kwa kitambaa uanze upya, kwa maana rangi nzuri haziwezi kuokoa vivuli vilivyokosewa.

Likikauka, andaa rangi nne: nyeupe ya titani, manjano ya udongo iitwayo oka, nyekundu ya udongo, na nyeusi. Velázquez alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu na hatuihitaji tena. Kuhusu uchache wa rangi usiwe na wasiwasi: Anders Zorn wa Uswidi, katika picha aliyojichora mwaka 1896, ameshika ubao wa rangi wenye nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi tu, naye alikuwa miongoni mwa wachoraji wa sura waliotafutwa sana katika zama zake.

Sasa njoo kwenye paji la uso, kwa sababu hapo ndipo penye dawa ya majivu yako. Mwanga umepiga paji la Pareja, nawe utavutwa kuweka nyeupe. Kabla hujafanya hivyo, weka tone la nyeupe tupu kwenye kipande cha kioo, ukishike kando ya karatasi uliyochapa, ulinganishe. Utaona kwamba mng'ao ule uko chini ya nyeupe kwa hatua kadhaa, na kwamba kati yake na ngozi ya kawaida pana madaraja, hapana mruko. Jenga madaraja hayo hivi: chukua mchanganyiko wa msingi wa nyekundu, oka na nyeusi kidogo, ili kuung'arisha kwa hatua ya kwanza ongeza oka, si nyeupe, hatua ya pili ongeza oka na chembe ya nyekundu, na nyeupe kiasi cha ncha ya kisu, na mng'ao wenyewe, ambao ni mdogo kuliko unavyodhani, uutengeneze kwa nyeupe iliyotiwa nyeusi kidogo sana na oka kidogo. Nyeupe na nyeusi zikichanganywa hutoa kijivu chenye kuelekea buluu, na hicho ndicho kinachotakiwa hapo, kwa kuwa ngozi nyeusi inayong'aa hurudisha rangi ya mwanga unaoimulika. Ukiwa nje chini ya anga la Kigoma, mng'ao wa paji la mama yako una anga ndani yake. Ubaridi huo ukiwekwa mahali padogo, na joto la nyekundu na oka likiuzunguka, ngozi huwa hai. Ubaridi huohuo ukitandazwa uso mzima huwa majivu.

Vivuli uvifanye vyembamba, nuru uifanye nene. Kivuli cha chini ya shavu na kando ya pua kisitiwe nyeusi tupu, bali nyekundu ya udongo na nyeusi iliyolegezwa, ili tabaka la kwanza liendelee kuonekana chini yake. Macho uyaache mwisho, na ule mwanga mdogo ndani ya mboni uwe mguso mmoja wa brashi, usiurudie.

Jambo ambalo ningekuomba usiliruke ni hili: usingoje nakala ikamilike ndipo umchore mama. Ukimaliza tabaka la hudhurungi la Pareja, siku hiyohiyo au kesho yake mwombe mama akae barazani kwa saa moja, umfanyie tabaka kama lile. Ukimaliza paji la Pareja, rudi kwa mama ulifanye paji lake. Hivyo nakala na mtu aliye hai vinakwenda pamoja, na lile ulilojifunza asubuhi halijapoa. Mama atakuonyesha mambo ambayo Velázquez hakuyachora katika chumba chake Roma. Nilipata kumchora mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, saa kumi jioni, jua likiwa limeelekea ziwani. Chini ya taya lake, mahali ambapo kila kitabu kilisema pana giza, palikuwa na mwanga mwembamba wa manjano uliopanda kutoka kwenye mchanga na kwenye dagaa wenyewe waliotandazwa miguuni pake. Ningemchora kwa kukariri ningeliziba taya lile kwa hudhurungi.

Na kuhusu mahali pa kukaa: vitabu vingi vya Ulaya vinamwambia mchoraji atafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii upande huo. Kigoma iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwetu ushauri huo hugeuka kwa majira. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na dirisha la kusini ndilo lenye nuru tulivu. Kuanzia Novemba hadi Februari jua hupita kusini, nawe uhamie dirisha la kaskazini. Machi na Oktoba linasimama karibu na utosi, na dirisha lolote lenye upenu mrefu litakufaa.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, ninafundisha sekondari wilayani Kasulu na nina wanafunzi 12 wanaopenda uchoraji. Kanvasi na mafuta ya kuchanganyia rangi ni ghali na hupatikana kwa shida. Je, tunaweza kutumia kitambaa cha marekani, mafuta ya mawese badala ya yale ya dukani, na mafuta ya taa kusafishia brashi? — *Mwalimu, Kasulu*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, marekani ndiyo, mawese hapana, mafuta ya taa hapana.

Marekani mnene usiopakwa rangi ni kitambaa kizuri cha pamba. Ufue kwanza kwa maji ya moto ili unywee, ukaushe, kisha uubandike juu ya kipande cha plaiwudi kwa gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, ukiupapasa kutoka katikati kwenda pembeni ili usibaki na mapovu. Ukikauka paka rangi nyeupe ya maji ile ya ukutani, mikono miwili au mitatu, ukipitisha msasa laini kila mkono unapokauka. Kwa mazoezi ya wanafunzi ubao huo unatosha kabisa.

Kuhusu mawese, nakuomba uniamini, kwa maana niliwahi kuumia. Katika ujana wangu nilimchora marehemu baba yangu kwa rangi niliyoilegeza kwa mawese, kwa kuwa nyumbani yalikuwepo na mafuta mengine sikuyapata. Picha ilipendeza kwa wiki moja. Baada ya mwezi ilikuwa bado mbichi, vumbi la kiangazi likaganda juu ya uso wake, na nilipojaribu kulifuta, uso nao ukatoka. Sababu yake ni kwamba rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama nguo inavyokauka kambani. Hukauka kwa mafuta kuvuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu. Mafuta ya kitani hufanya hivyo, na ya jozi pia. Mawese hayana tabia hiyo hata yakikaa mwaka. Waonyeshe wanafunzi wako: tone la mafuta ya kitani na tone la mawese kwenye kipande kimoja cha kioo, wayaguse kila asubuhi kwa wiki mbili.

Mafuta ya taa huacha unyevu wa mafuta ndani ya brashi na kudhoofisha rangi itakayofuata. Nunueni tapentaini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mfanye kazi madirisha yakiwa wazi, na brashi mzimalizie kwa sabuni ya mche na maji. Tena uangalie sana jambo hili: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni mwa darasa, kwa sababu mafuta hayo yakivuta hewa hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandazeni nje kimoja kimoja au vilowekeni kwenye ndoo ya maji.

Kwa wanafunzi 12, hata hivyo, mimi ningeanza na akriliki, ambayo hulegezwa kwa maji. Ugumu wake ni kwamba katika miezi ya Juni hadi Agosti hukauka juu ya ubao wa rangi kabla mtoto hajamaliza kuchanganya, hivyo watandike kitambaa kilicholowa maji chini ya karatasi ya kuchanganyia.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu wa kidato cha tatu amenakili picha ya zamani ya Kizungu, na mgeni aliyetutembelea anataka kuinunua. Baba yake anasema ni wizi. Tufanyeje? — *Mama, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Njema, dada yangu. Kama mchoraji wa asili alifariki karne nyingi zilizopita, kama Velázquez aliyefariki mwaka 1660, hakuna anayedai haki juu ya kazi hiyo na binti anaweza kuuza nakala yake. Hofu ya baba yake, hata hivyo, ina msingi wake, kwa sababu wizi huja pale nakala inapojifanya kuwa ile ya kwanza. Binti asiige saini ya mchoraji. Nyuma ya ubao aandike kwa kalamu isiyofutika kwamba ni nakala, ya kazi gani, ya nani, kisha jina lake na mwaka. Katika jumba la Louvre mjini Paris, ambako wenye kibali huruhusiwa kukaa na kunakili mbele ya picha zenyewe, ni sharti nakala isilingane kwa ukubwa na picha ya asili, na sharti hilo ni jema kulifuata hata nyumbani. Kazi ya mchoraji aliye hai, awe wa Dar es Salaam au wa hapa Mwanga, asiiuze bila ruhusa ya mwenyewe.

Ila ningekuwa ni mimi, dada, nakala ya kwanza nisingeiuza. Ibaki ukutani mwaka mzima, ili aione kila siku na kuziona kasoro zake kadiri jicho lake linavyokua.

SWALI: Nimemaliza nakala yangu ya kwanza ya rangi za mafuta. Nataka kuileta Kigoma mjini kwa basi wiki ijayo. Niipake vanishi kwanza ili isiharibike? — *Msomaji, Kibondo*

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Rangi ya mafuta inaweza kuonekana kavu juu baada ya wiki moja au mbili huku ndani ikiwa bado inakauka, na vanishi ikiwekwa mapema huleta nyufa na kunata. Subiri miezi sita, na mahali palipopakwa rangi nene ngoja zaidi. Kwa safari, tafuta ubao mwingine wa ukubwa uleule, gundisha vipande vidogo vya mti, unene wa kidole, kwenye pembe nne za ubao huo, uulaze juu ya picha ili vipande vishike kwenye pembe tupu zisizo na rangi, kisha funga mbao zote mbili kwa kamba. Ndani ya basi ushike mwenyewe, usimame wima kati ya magoti yako, usiukubali kwenda kwenye buti.